Gobore na Kifaru katika Nchi ya Usui

Neno risasi katika lugha yetu lina kazi mbili. Ni jina la madini, yale mazito na laini yenye rangi ya kijivu ambayo mvuvi huyafanya chubwi la mshipi wake. Tena ni jina la kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, hata kiwe kimefanywa kwa shaba au kwa chuma. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na pamoja nalo tumepokea kumbukumbu ya zama ambazo vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Risasi ya bunduki ilikuwa ni risasi basi, imeyeyushwa juu ya makaa, ikamiminwa katika kalibu, ikatoka mviringo. Katika makala haya nataka kusema juu ya ulaini wa madini hayo, kwani naamini kuwa ulaini huo una sehemu katika historia ya bara na ya visiwa hivi, sehemu ambayo aghalabu hupitwa kwa haraka.

Majina ya silaha hatukuyakosa. Palikuwa na bunduki ya mrau, iliyowashwa kwa utambi. Palikuwa na gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Kisha ikaja bunduki ya fataki, yenye kikofia kidogo cha shaba kilichotiwa dawa ya kulipuka. Zote tatu zilikuwa za kushindilia: unamimina baruti katika mdomo wa mtutu, unatia kitambaa, unaisukuma risasi kwa mdeki hadi chini, unalenga, na ukishapiga unaanza upya tangu mwanzo huku moshi umekuziba macho. Korofindo ni jina jingine la bunduki ya namna hiyo, na gobore ndilo jina lililodumu kuliko yote, kwani hadi leo halitoki katika taarifa za polisi wa Tanzania. Nimepata kufasiri kurasa za wasafiri wa Kiingereza wa karne ya 19, na hapo nikaona jambo la kuchekesha kidogo. Sisi ambao husemwa kuwa lugha yetu haina maneno ya vitu vya kiwanda tulikuwa nayo kwa ukamilifu. Wao mara nyingi waliandika "bunduki" tu, pale ambapo Mswahili aliyeibeba bunduki hiyo begani angalitaja utambi, jiwe au fataki.

Nchi ninayoizungumzia iko mbali na bahari. Murukulazo ni kata ya Ngara katika mkoa wa Kagera. Nchi ya vilima na nyasi ndefu, na misitu ya miombo kila unapokwenda mashariki. Mto Ruvubu huteremka kutoka Burundi ukaungana na Kagera jirani na maporomoko ya Rusumo. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi. Wasafiri wa zamani waliita Usui nchi hii ambayo leo imegawanyika kati ya Biharamulo na Ngara, na kaskazini yake wakaitaja Karagwe. Misafara iliyoondoka pwani mkabala na Unguja ilifika Tabora, ikapanda kaskazini kupitia Uzinza, ikaingia Usui, ikatoka Karagwe na kuendelea Buganda. Basi Usui ilikuwa mlango. Aliyekwenda kwa Rumanyika au kwa Kabaka ilimpasa kwanza atoe hongo kwa Suwarora, mtawala wa Usui, naye Suwarora alijua thamani ya mlango wake.

Kabla ya kuwafuata wasafiri, inafaa tuielewe silaha yao. Huko Marekani, ambako majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kwa bunduki za kushindilia, wapo watu wanaoifanya risasi kuwa elimu. Huipiga katika mabonge ya jelatini yaliyotengenezwa yafanane na nyama. Huipiga kwa mnyama, kisha huichimbua katika mzoga, wakaiosha na kuipima. Maswali yao makubwa ni matatu. Imepenya kina gani? Imetanuka kiasi gani? Na imebaki na sehemu gani ya uzito wake? Kwa paa au kulungu, kutanuka ni sifa: risasi laini ikigusa nyama hupanuka, ikafanya jeraha pana, mnyama akaanguka karibu. Kwa mnyama mwenye ngozi ya unene wa kidole na mifupa kama magogo, sifa hiyo hugeuka ila. Risasi hutanuka mapema mno, ikawa kama sarafu, nayo sarafu haipenyi.

Risasi ya mviringo ina ila ya pili, na hii ni ya hesabu. Uzito wa tufe hukua kwa mchemraba wa kipenyo chake: ukiongeza kipenyo mara mbili, uzito huongezeka mara nane. Mwenye kutaka risasi nzito ya mviringo hana njia ila apanue mtutu. Ndiyo maana mafundi wa Uingereza waliipima mitutu kwa ratili. Bunduki ya "kumi na mbili" ni ile ambayo ratili moja ya risasi hutoa tufe kumi na mbili za kuienea, kila moja takriban gramu 38. Bunduki ya "nne" hutupa robo ratili, yaani gramu 113, na mtutu wake unakaribia kipenyo cha sentimita 2.7. Musketi kuukuu za jeshi la Uingereza, zile zenye chapa ya Tower, ambazo zilifika kwa wingi Afrika ya Mashariki, zilitupa tufe ya gramu kama 32. Kwa mtu inatosha na kubaki. Kwa kifaru mweusi, ambaye dume lake hufika kilo elfu moja na zaidi, ni habari nyingine.

Sasa turudi Unguja, kwani silaha hizo zilipita hapa. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said uliwapa Wamarekani uhuru mkubwa wa biashara, lakini ulibagua kitu kimoja: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake, na katika bandari nyingine za Sayyid ziuzwe kwa yeyote apandaye bei. Msomaji na atulie hapo kidogo. Sayyid hakutaka silaha mikononi mwa watu wa mji wake, walakini hakuona ubaya zikienda kwingineko. Nusu karne baadaye mto huo ulikuwa umefurika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki za kila namna kati ya 80,000 na 100,000 hupita kwenda bara kila mwaka. Wakati huo zilikwisha kuchanganyika na bunduki mpya za kutia risasi nyuma, zile ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakizitupa ili yanunue nyingine bora. Ila kwa miongo mingi kabla ya hapo, kilichopanda kutoka pwani kilikuwa gumegume na fataki, na baruti katika vipipa.

Usui iliyapata hayo kama nchi nyingine za njiani, kidogo kidogo, kwa hongo na kwa kubadilishana pembe. John Hanning Speke na James Augustus Grant waliingia Usui mwezi Oktoba 1861, baada ya mwaka mzima tangu kuondoka pwani. Walikuwa na karabini 50 walizopewa na serikali, pamoja na risasi 20,000, na waliozibeba wengi wao walikuwa watu wa Unguja wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay na mwenzake Baraka. Kwa hesabu ya silaha, hapana shaka walikuwa na nguvu kuliko kijiji chochote walichopita. Hata hivyo Suwarora aliwaweka, akawakamua hongo moja baada ya nyingine, wezi wakawazunguka usiku, na mwisho wakaruhusiwa kupita bila ya kumwona uso wake. Mfalme huyo alikwisha kupima jambo moja kwa usahihi: mgeni mwenye bunduki hamsini bado anahitaji njia, chakula na wapagazi, na wala hana nia ya kuzipiga.

Walipofika Karagwe mambo yalikuwa mengine. Rumanyika, aliyekuwa na makao yake Bweranyange, aliwapokea mwishoni mwa Novemba kwa ukarimu ambao Speke hakuacha kuusifu. Na hapo, mwezi Desemba 1861, ndipo lilipofanyika lile ninaloliita jaribio. Speke alitoka kuwinda chini ya vilima, karibu na ziwa dogo ambalo wageni hao walilipa jina la ziwa la kwao Uingereza, akifuatana na wana wa mfalme na watu wa kuchachawiza vichaka. Mkononi alikuwa na bunduki yenye mtutu mpana, kazi ya fundi Blissett wa London. Siku hiyo aliangusha vifaru watatu. Aliwaita weupe, jambo ambalo tutalirudia. Vichwa vikapelekwa kwa mfalme.

Rumanyika akastaajabu. Na neno lake, kama Speke alivyolihifadhi, lina thamani kubwa kwetu. Alisema kuwa kazi hii lazima imefanywa na kitu chenye nguvu kuliko baruti, kwani Waarabu, wala ndugu yake Nnanaji, pamoja na majisifu yao yote ya kupiga bunduki, hawajaweza kufanya kitu kama hicho. Mfalme akamalizia kwa kuwasifu Waingereza, na hapo sina budi kumshuku mwandishi, maana wasafiri wale walikuwa na sikio jepesi kwa sifa zao. Lakini sehemu ya kwanza siioni kuwa ya kubuni. Speke hakuwa na sababu ya kutunga habari juu ya Nnanaji.

Neno hilo linatuambia nini? Kwanza, baruti haikuwa mgeni Karagwe. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, mwendo mfupi kutoka kwa mfalme, na watu wa nyumba ya kifalme walikuwa na bunduki na kujisifu kwazo. Pili, na hili ndilo kubwa, bunduki hizo zilikwisha kujaribiwa kwa kifaru nazo zikashindwa. Rumanyika hakushangaa kuona bunduki. Alishangaa kuona bunduki imeua. Mtu aliyekwisha kuona risasi nyingi zikimgonga kifaru naye akaenda zake vichakani ana haki ya kudhani kuwa safari hii pametiwa kitu kingine. Nacho kilikuwapo kweli. Palikuwa na mtutu mpana zaidi, risasi nzito zaidi, baruti bora yenye kipimo kisichobadilika, na mwindaji aliyejifunza katika milima ya India mahali pa kulenga. Mfalme alikosa jina la kitu hicho, lakini hakukosea kuwa kipo.

Kitu kimojawapo wazungu wenyewe walikuwa bado wanakisaka. Samuel Baker, aliyefika Bunyoro pamoja na mkewe Florence mwaka 1864, alikuwa amewinda ndovu kwa miaka huko Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Alijua ya kuwa risasi tupu ni laini mno, na alikuwa miongoni mwa waliohimiza ichanganywe na madini mengine, bati au hata zebaki, ili iwe ngumu na isipondeke juu ya mfupa. Katika Kiswahili tungesema risasi isiyo risasi. Huko Ceylon alizoea kumngoja ndovu amjie, ampige katika paji la uso, aanguke. Alipojaribu hivyo kwa ndovu wa Afrika, aliona risasi ikizama katika fuvu na ndovu akisimama. Fuvu la mnyama huyu ni pana, lina vijumba vya hewa kama sega la nyuki, na mahali pa ubongo pako chini na nyuma kuliko alivyozoea. Aliandika wazi kuwa desturi ya Ceylon haifai Afrika, ikabidi alenge nyuma ya bega au jirani na sikio. Alikuwa pia na bunduki moja ya kutisha, kazi ya Holland wa London, iliyotupa kombora la nusu ratili. Yeye mwenyewe aliipa jina la Mtoto, na watu wake wa Sudani wakaiita mtoto wa mzinga. Kila mnyama aliyepigwa nayo alikufa. Ila teke lake lilimzungusha Baker mwenyewe kama pia, akawa haipigi ila kwa nadra, na watumishi wake waliiogopa kuliko walivyomwogopa ndovu.

Hapo basi ndipo ulipokuwa mpaka wa bunduki ya kushindilia. Ili iwe na nguvu ya kutosha kwa mnyama mkubwa ilihitaji kuwa kubwa kiasi ambacho binadamu haiwezi. Mwenye musketi ya kawaida hakuwa na njia ya kuufikia mpaka huo. Alichoweza ni kuongeza baruti. Wapigaji wengi walipima kwa vidole, wakaweka mkono juu ya mdeki ili kuona unachomoza kiasi gani nje ya mtutu, wakaongeza kidole kimoja kwa swala, viwili kwa nyati, na mwisho mtutu ukapasuka na kuchukua mkono wa mwenyewe. Tena baruti ya biashara haikuwa ile ya jeshini. Ilikuwa duni, na unyevu wa safari ya miezi ukaizidishia uduni.

Mtu atauliza, ikiwa hivyo ndivyo, pembe zilizojaza maghala ya Forodhani zilitoka wapi? Ni swali la haki. Sehemu kubwa ilitoka kwa mkuki, kwa mashimo, kwa mitego ya chuma kizito kilichotundikwa juu ya njia ya ndovu, na kwa mishale ya sumu. Wanyamwezi walikuwa na chama cha wawindaji wa ndovu, bayege, chenye dawa na miiko yake, na ustadi wao ulikuwapo kabla ya bunduki. Gobore liliingia katika ustadi huo kama mkono wa nyongeza. Watu kumi, ishirini, walimzingira ndovu mmoja wakapiga kwa zamu, kisha wakamfuata kwa siku mbili au tatu hadi alipolala. Kilichomuua ni wingi wa matundu na siku za kutoka damu, zaidi ya risasi yoyote moja. Katika hesabu ya pembe ndovu huyo ni sawa na yule aliyekufa papo hapo, na frasila haziulizi. Lakini mara ngapi alikufa mahali ambapo hakuonekana tena?

Nimekwisha kusema kuwa kwa mtu risasi ile inatosha. Mfano wake ulifanyika miezi miwili tu baada ya vifaru wa Karagwe, kaskazini zaidi. Februari 1862 Speke alifika kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda, akamletea zawadi za bunduki. Kabaka akataka kuona zinafanya nini. Wakaletwa ng'ombe uani, Speke akawapiga kwa bastola ya mzinga wa kuzunguka, wakaanguka, baraza likashangilia. Ndipo Kabaka alipoipakia karabini moja kwa mkono wake, akaivuta mtambo, akampa mtoto wa kitumishi, akamwambia aende ua wa nje akampige mtu. Mtoto akaenda. Akarudi akiwa na furaha kama ya aliyekamata ndege kwa mtego. Kabaka akamwuliza kama ameipiga vizuri, naye akajibu ndiyo, vizuri sana. Speke anaandika kuwa hakupata kumjua mtu yule ni nani, wala hakuona yeyote aliyetaka kujua.

Kila mwanahistoria wa Uganda ameutaja mchana huo, na wengi wameutumia kumhukumu Mutesa. Mimi ninautazama kutoka upande wa silaha. Siku ile karabini ilijaribiwa kwa shabaha yake halisi. Gobore lililoshindwa na ngozi ya kifaru halikushindwa na ngozi ya mtu, hata siku moja. Gramu 32 za risasi laini, zinazopondeka mapema na kutanuka, ndizo hasa zinazovunja mfupa wa binadamu kusiungike tena. Na anayelipiga hahitaji kulenga mahali maalumu, wala hahitaji mtutu wa robo ratili, wala ujuzi wa miaka, mtoto anaweza. Tukitaka kujua kwa nini bunduki ilibadilisha nchi za ndani kwa kasi kubwa hivyo ilhali pembe zilikwisha kuja pwani kwa karne nyingi bila ya bunduki, jibu naliona hapa. Silaha iliyonunuliwa kwa jina la ndovu ilifanya kazi yake nyepesi zaidi kwa jirani. Wapagazi waliozibeba pembe hizo wengine walikuwa watu huru wenye ujira wao, na wengine walikuwa matokeo ya kazi hiyo nyepesi.

Pamoja na risasi yenyewe palikuwa na sauti. Misafara ilipiga bunduki ilipowasili mjini, ilipoondoka, ilipoandama mwezi, na wasafiri wa Kizungu hawaishi kulalamika juu ya baruti iliyopotea. Mimi siioni imepotea. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mwana wa Unguja aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, ndiye anayetueleza kuwa jina la Tippu Tip alipewa na watu wa bara kwa kufuata mlio wa bunduki zake. Sijui jina jingine katika historia yetu ambalo ni mlio mtupu. Mtu mmoja akageuka kuwa sauti ya gobore, na sauti hiyo ikawatangulia watu wake vijijini, ikafungua milango bila ya risasi kutoka.

Wazungu walipoamua kuigawa Afrika walilielewa jambo hili kuliko tunavyodhani. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, ambao hutajwa zaidi kwa kupiga vita biashara ya watumwa, ulikataza silaha za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Ila uliacha tundu. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Yaani Mwafrika abaki na jiwe la kutoa cheche ilhali mtawala wake ana bunduki ya kutia risasi nyuma na hata bombomu. Miaka sita baadaye, Mei 1896, gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann akatoa amri ya uwindaji, yenye leseni na hifadhi. Wajerumani wakajenga boma Biharamulo, ambalo kuta zake zipo hadi leo, na mwindaji wa Usui akajikuta kwa mara ya kwanza kuwa ni mwizi katika msitu wa babu yake. Gobore likahama kutoka barazani kwa mfalme likaenda kufichwa darini.

Huko darini limekaa miaka zaidi ya mia moja. Gobore la leo halitoki Birmingham wala Liège. Hufuliwa na fundi wa kijijini kwa bomba la chuma, au kwa mhimili wa usukani wa gari bovu. Fataki hutengenezwa au hununuliwa kwa siri. Na badala ya risasi hutiwa golori za baiskeli au vipande vya nondo. Ajabu ni kwamba katika umaskini huo tatizo la Baker limepata ufumbuzi wake: golori ni chuma kigumu, haipondeki, inapenya. Lakini ni nyepesi, haina uzito wa risasi, na mtutu hauna mifuo wala kipimo. Inapita ndani ya mnyama kama sindano. Nyati aliyepigwa hivyo hufa baada ya siku kadhaa kwa uvundo wa kidonda, na kabla ya kufa huwa hatari kwa kila akatishaye njia yake, awe mwanamke wa kuni au mtoto wa mbuzi. Sheria ya Tanzania hairuhusu mnyama mkubwa wa hatari apigwe kwa kalibu iliyo chini ya .375, na ukiiondoa siasa yote, ubavuni mwa sheria hiyo liko somo lile lile la Desemba 1861.

Nisiseme kuwa gobore ndilo lililoimaliza nyama ya Usui. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangusha nyati kwa maelfu pamoja na ng'ombe. Na tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, wakakaa Benaco na kambi nyingine za Ngara. Wakimbizi wakahitaji kuni na kitoweo, na pamoja nao zikaja bunduki za kivita ambazo hazishindiliwi wala hazichoki. Mapori ya Burigi na Biharamulo yalipungukiwa na wanyama kwa kiasi cha kutisha katika miaka ile. Mwaka 2019 mapori hayo pamoja na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Mwaka huo huo ikatangazwa hifadhi nyingine upande wa kaskazini, ikaitwa Rumanyika-Karagwe. Mfalme aliyevitazama vile vichwa vitatu sasa ni jina la msitu.

Katika msitu huo hamna kifaru. Waliokuwa wamesalia Karagwe, baadhi yao walivushwa mto Kagera mwaka 1957 na kupelekwa Akagera, upande wa Rwanda, na walikuwa weusi, jambo linalonifanya nidhani kuwa wale watatu wa Speke pia walikuwa weusi na kwamba udongo wa Karagwe ndio uliowapaka. Uzao wao ulikwisha huko Akagera. Wa mwisho alionekana mwaka 2007. Mwaka 2017 wakaletwa weusi wengine 18 kutoka Afrika Kusini. Na Novemba 2021 wakateremshwa kutoka katika ndege vifaru 30 weupe, weupe wa kweli, kutoka huko huko kusini, wakaachiwa mkabala na nchi ile ambayo Mwingereza mmoja aliandika, miaka 160 kabla yake, kuwa amewaona na kuwapiga.